Pankeki ya 40mm kwa Canon 6D: nunua, lakini ujue mipaka yake

Ndugu uliyeuliza kama ni kupoteza pesa kufunga pankeki, yaani lenzi nyembamba, ya 40mm f/2.8 kwa kamera yako ya 6D, juu wenzako wanakuambia sensa kubwa inataka lenzi kubwa: hapana, nunua. Mimi ndiyo lenzi yenye inakaa kwa kamera yangu siku nyingi hapa Goma, naenda nayo mtaa wa Birere, naenda nayo Kituku kando ya ziwa asubuhi wakati sambaza, samaki wadogo, zinashushwa, naenda nayo mpaka kwa sherehe za dot (mahari). Sensa haina habari na urefu wa lenzi, inachotaka ni mwanga ufike mpaka kwa pembe zote, na hii 40mm Canon waliitengeneza kwa fulu-fremu, yaani sensa kubwa kama ya 6D, toka mwanzo. f/2.8 ni ukubwa wa tundu la mwanga: namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi. Ilitoka 2012, gramu 130, unene 22.8mm tu.

Sasa hesabu kilo vizuri. 24-105 f/4 yako ya zamani peke yake ni gramu 670, 6D na betri ndani ni kama 770, jumla 1,440. Ukiweka pankeki unashuka mpaka 900. Ni afadhali kubwa kwa shingo lakini mwili wa kamera bado ni ule ule, mfukoni haiingii, na mwenye anataka kamera ya mfukoni anunue kitu kingine kabisa.

Mimi yenye naipendea ni vile watu wanakaa mbele yake. Ukiinua lenzi ndefu mu Birere mama anafunika uso, motari anakuuliza unafanyia shirika gani, mwingine anakuja kutaka kibali, na foto imeshakufa. Na kalenzi kadogo unasalimia, unaomba, mtu anakubali, halafu anaendelea na kazi yake kweli, msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, anapanga mizigo yake bila kukuwekea sura ya foto. Na kuomba lazima uombe, hiyo sibadilishi. Watu wa hapa wamepigwa sana foto wakiwa kwenye shida, na watu ambao hata salamu hawakuwapa, kwa hiyo udogo wa lenzi usikupe ruhusa ya kujificha.

Uliuliza pia kwa nini ni 40 na si 28 ao 24, zenye zinaona pana zaidi. Ni sababu ya kioo. Mu 6D kuna kioo cha kuakisi picha kati ya lenzi na sensa, toka kwa mdomo wa kamera mpaka sensa ni 44mm, sasa lenzi ya 40 ao 45 inakaa karibu na umbali ule ule, inaweza kutengenezwa na vioo vichache vya lenzi bila ufundi mwingi, ni njia ya zamani sana, Tessar ya Zeiss yenye vioo 4 ni ya 1902. Ukitaka pana zaidi inabidi kuongeza vioo vya kusukuma picha nyuma, na lenzi inarefuka. Kamera mpya zisizo na kioo zimepunguza ule umbali, kwa Canon RF ni 20mm, Sony 18, Nikon Z 16, ndiyo maana 2023 tuliona Nikon Z 26mm f/2.8 na Canon RF 28mm f/2.8, nyembamba kabisa na pana.

Kwa hiyo mtu mwenye EOS R ao RP, kamera za Canon zisizo na kioo, asinunue hii 40 juu ya wembamba. Adapta ya EF, kile kipande cha kufungia lenzi za 6D kwa kamera hizo, peke yake ina 24mm, yaani nene kuliko lenzi yenyewe, pankeki imekwisha hapo. Achukue RF 28. Na wewe jihadhari na ile EF-S 24mm f/2.8, sura ni moja na bei inavutia, lakini ni ya sensa ndogo na kwa 6D haifungi kabisa. Kwa RP na adapta itafunga, ila kamera inakata picha na megapikseli 26 zinabaki kama 10. Sony nao ni hivyo hivyo: 16mm na 20mm zao za E ni za sensa ndogo, kwa fulu-fremu kamera inakata picha. Kuna tena zile nyepesi kupita, kama Panasonic 26mm f/8 ya gramu 58, diafragma (tundu la mwanga) ni moja tu na fokasi ni ya mkono, na f/8 inaingiza mwanga mara 8 pungufu ya f/2.8. Mchana kando ya ziwa sawa. Jioni mu sale yenye taa mbili, hapana.

Mipaka ya hii 40 sasa. Kwa f/2.8 pembe zinaingia giza, f/4 inapunguza, f/5.6 ni safi. Programu inaondoa giza lile lakini hapa kwetu chini ni mawe meusi ya lava, ukiyainua kwa kompyuta chembechembe zinatoka, basi mimi foto za jioni pembe naziacha vile zilivyo. Mu nyumba ya mbao ya chumba kimoja 40 ni nyembamba, unarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta na bado familia haitoshi. Kwa hiyo usiuze 24-105. Tena ile ina kitulizaji cha mtikisiko wa mkono na hii haina: kitu kisichotembea usiku, 24-105 inaishinda, watu wanaocheza, pankeki inaishinda juu inakupa mwanga mara mbili, ISO (usikivu wa sensa) 6400 inakuwa 3200.

Fokasi ya hii 40 ni ya umeme, pete haifanyi kitu kamera ikizimwa. Ukipiga karibu mdomo wa mbele wa lenzi unatoka nje, sasa ukizima hapo unabaki nje, urudishe mbali kwanza ndipo uzime, na usiusukume kwa kidole hata kidogo. Canon wenyewe walitoa sasisho la programu ya lenzi 2012 juu mdomo ukibanwa mu begi fokasi iliweza kukwama mpaka utoe lenzi ao betri. Weka filta ya 52mm, na vumbi la volkano upulizie kwanza, ukipangusa kavu na shati linakwaruza kioo.

Ukienda kwa muuzaji beba 6D yako, funga, piga karibu na mbali mara nyingi, sikiliza kama mota inakwaruza, na uangalie mdomo unatoka na kurudi bila kusita. Kisha piga ukuta wa matofali kwa 2.8 na kwa 5.6, uziweke hapa zote mbili bila kurekebisha, tutakuambia kama upande mmoja wa picha hauko mkali kabla hujatoa pesa.