Maiki ya kurekodia bendi nyumbani: soma hii kabla hujashuka Luthuli

Juzi kijana mmoja wa Kayole ameniandikia: "Bro niko na 15,000, mimi na bendi yangu tunataka kurekodi kwa nyumba, ninunue maiki gani?" Nimeisoma hiyo meseji mara 3 kwa sababu miaka 4 iliyopita huyo alikuwa mimi, niliuliza watu hilo swali na hakuna aliyejisumbua kunijibu. Kwa hivyo wacha nikujibu vizuri.

Sisi tulichanga pesa tukiwa wanne, nikatumwa Luthuli Avenue, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi. Nikarudi na maiki 2 za USB za kondensa, aina inayoshika hata sauti ndogo, kwa sababu zilikuja na stendi na sponji na kila kitu ndani ya boksi moja, nikaona nimeokota dhahabu. Kufika nyumbani Umoja, laptopu inaziona zote mbili lakini programu ya kurekodi inakubali moja tu. Hakuna mtu dukani aliniambia kwamba kila maiki ya USB ni saundikadi yake peke yake na inajipimia muda kivyake, hata ukizilazimisha zirekodi pamoja treki zinaanza kuachana polepole mpaka wimbo unaisha kila mtu akiwa kwake.

Basi tukarekodi na hiyo moja, wote tumeizunguka pale sebuleni. Na kondensa inasikia kila kitu, hiyo ndio kazi yake. Kwenye ile demo, vesi ya pili, pale mpiga besi wetu anaingia na laini aliyoifanyia mazoezi mwezi mzima, unasikia gari la spika linapita nje, "dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni", wazi kuliko besi yenyewe. Tukampelekea prodyuza mmoja, akasikiliza labda sekunde 20, akatoa hedifoni akaziweka mezani akatuuliza kama tuko na kazi nyingine tunafanya. Mpiga besi alitoka kwa bendi wiki hiyo. Tulikuwa marafiki tangu tukiwa shule na mpaka leo tukipatana stejini ni salamu tu. Inaniuma.

Kosa la pili lilikuwa haraka. Nikapata SM58, ile maiki ya kuimbia ya Shure, ya bei ya kutupa, nikalipa hapo hapo, kumbe sauti ni kama mtu anaimba akiwa ndani ya debe. Sasa SM58 ya ukweli inafika gramu 298, kwa hivyo nikaingia bucha ya hapo chini nikaomba jamaa aniwekee kwa mizani. Akapangusa mizani kwanza na kitambaa, akaiweka, ikasoma 214. Nilisimama hapo nikiangalia hizo namba nyekundu mpaka watu wa nyama wakaniambia nisonge.

Yenye ilitutoa ni intafesi moja ya maiki 2, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na laptopu, tuliinunua mkono wa pili, na maiki 2 za dainamiki, aina ya SM58. Ukipata Behringer UMC202HD ama Focusrite Scarlett 2i2 iliyotunzwa, chukua. Dainamiki haitaki ule umeme wa volti 48 ambao kondensa za XLR hupewa na intafesi na inasikia chenye kiko karibu nayo, matatu za nje zinabaki nje. SM57, dainamiki nyingine ya Shure, imekuwa sokoni tangu 1965 na bado watu wanaiweka mbele ya ampu ya gitaa, hiyo si bahati. Besi usiitafutie maiki, chomeka waya moja kwa moja kwa intafesi. Programu tulianza na Reaper, unaijaribu siku 60 ikiwa kamili.

Na msirekodi wote pamoja! Tuliweka kwanza gitaa na sauti za mwongozo tu juu ya kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo, alafu ngoma, tukaomba ukumbi wa kanisa Jumanne asubuhi kabla mvua haijaanza kupiga mabati, maiki moja mbele ya kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, na nyingine juu ya bega la kulia la mpiga ngoma. Alafu besi, gitaa lenyewe, sauti yenyewe mwisho. Wakati wa kuimba nyuma ya maiki ielekee dirishani, kwa sababu huko nyuma haisikii sana, na nyuma ya mwimbaji tulitundika mablanketi mazito ya Gikomba. Trei za mayai wacha zibaki na mayai, jirani utamsikia tu.

Mwezi uliopita fundi wa sauti mmoja ameniuliza huo wimbo tulifanyia studio gani. Nikamwambia sebuleni, Umoja. Hakuamini, na mimi sitaficha, nilifurahi siku nzima.

Vijana, wacheni kununua boksi linang'aa. Mnamaliza pesa kwa maiki alafu mnakosa waya wa XLR wa kuchomeka maiki kwa intafesi, mnakosa stendi, mnashika maiki na mkono mkirekodi, alafu mnasema vifaa vya bei nafuu havifai.

Wewe wa Kayole, hiyo 15,000 usiimalize kwa maiki moja. Tafuta intafesi ya mkono wa pili kwanza, dainamiki moja ya ukweli na waya wake, ya pili itakuja mkipata shoo. Ukienda beba laptopu na hedifoni zako, chomeka hapo hapo kaunta, rekodi dakika moja ukiongea, sikiliza. Mwenye duka akikataa ujaribu, toka uende la pili.