Una milioni 4 na unataka kutengeneza programu ya tuisheni: anzia hapa

Mkuu, umeuliza hivi: una miaka 23, unajua kuandika programu, una mtaji wa milioni 4, na unataka kuwaunganisha walimu na wanafunzi wa sekondari hapa Dar kwa tuisheni ya kwenye simu. Uanze na nini?

Usianze na programu. Mzazi hanunui programu. Ananunua kipindi kilichofanyika kwa wakati wake, mtoto akatoka ameelewa. Hilo unaweza kulijaribu kwa wiki 8 ukiwa na WhatsApp, jedwali la Excel na lipa namba. Laki 6 zinatosha kwa bando, vipeperushi na malipo ya walimu wa mwanzo.

Chagua somo moja na kidato kimoja. Mimi ningechukua Hisabati ya kidato cha pili. Hisabati ndiyo inayowaangusha watahiniwa wengi mwaka hadi mwaka, kidato cha pili kina mtihani wa taifa unaomsukuma mzazi, na mtoto ukimridhisha bado una miaka miwili ya kuendelea naye. Ukitangaza masomo yote kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita, utahitaji walimu 30 kabla hujapata mwanafunzi wa kumi, na mzazi atakayeulizia Fizikia akakosa mwalimu harudi tena. Kuwa makini na noti za zamani zinazouzwa mitandaoni: mtaala mpya ulianza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, kwa hiyo linganisha kila mada na silabasi ya Taasisi ya Elimu Tanzania inayotumika kwa darasa hilo. Na usiskani kurasa za vitabu vya kiada ukaziweka kwako, hiyo ni kesi ya hakimiliki. Mlipe mwalimu atunge maswali yake.

Sasa hesabu. Tuseme mwalimu mzuri anataka 8,000 kwa saa na mzazi yuko tayari kulipa 10,000. Kwa mwanafunzi mmoja mmoja unabaki na 2,000, na bando pamoja na makato ya miamala yanaimaliza. Weka wanafunzi watano kwenye kundi moja, kila mmoja alipe 3,000 kwa kipindi: zinaingia 15,000, mwalimu anachukua 9,000, gharama ziwe 1,500, unabaki na 4,500. Mzazi amelipa kidogo, mwalimu amepata zaidi. Kundi likizidi watoto 8 wale wanyonge wananyamaza na hutajua nani ameachwa. Likishuka chini ya wanne unaendesha kwa hasara. Jaza kundi moja kwanza ndipo ufungue la pili.

Kitu kinachoua biashara hizi ni mzazi na mwalimu kupeana namba na kuendelea bila wewe. Kuficha namba hakusaidii, watatajiana kipindi kikiendelea. Dawa ni kumpa mwalimu asichoweza kukipata peke yake: kundi lililojaa, mazoezi yaliyoandaliwa, na malipo kila Jumamosi bila kukumbushwa, tena pamoja na ya kutolea. Mwalimu aliyekatwa 500 ya kutolea ataikumbuka kuliko elfu tisa uliyomlipa. Mzazi naye mpe ripoti fupi kila wiki yenye vitu vitatu tu: vipindi alivyohudhuria mtoto, mada iliyofundishwa, na alama ya zoezi. Mwalimu akiugua, weka mbadala siku hiyo hiyo. Kundi ndilo linalokulinda zaidi, maana mwalimu akitaka kuondoka nalo lazima awashawishi wazazi watano kwa pamoja.

Muda una mtego wake. Shule nyingi haziruhusu simu, kwa hiyo mtoto anasoma kwa simu ya mzazi, na saa 12 jioni simu hiyo iko kwenye foleni ya Mbagala au Mbezi. Kipindi cha saa 2 usiku hadi saa 3 kinahudhuriwa vizuri zaidi. Halafu andika saa kwa namna zote mbili: "Jumanne saa 2:00 usiku (20:00)". Mfumo unaosoma "saa 2" kama 02:00 utatuma kikumbusho watu wamelala, na ukionyesha 8:00 PM bila maelezo kuna mzazi atakayejiandaa kwa saa 8.

Bando ni suala lile lile la pesa. Kipindi cha video cha saa moja kinaweza kula zaidi ya MB 500 kwa kila mtoto. Sauti peke yake, huku mwalimu akituma picha za ubao na watoto wakirudisha picha za daftari, haifiki MB 100, na kwa Hisabati inafundisha vizuri tu. Ukirekodi masomo, dakika 10 za video ya kilobiti 400 kwa sekunde ni MB 30, wakati sauti ya kilobiti 32 ni MB 2.4. Rekodi sauti, ambatanisha picha za hatua za ukokotoaji, na ruhusu vyote vipakuliwe visomwe bila mtandao.

Usalama wa watoto haujadiliwi. Mwalimu alete kitambulisho cha NIDA, vyeti, wadhamini wawili utakaowapigia wewe mwenyewe, na hati ya polisi inayopatikana kwa alama za vidole. Afundishe kipindi cha majaribio cha dakika 15 ukisikiliza. Namba ya mzazi iwemo kwenye kila kundi, na ujumbe wa faragha kati ya mwalimu na mtoto upigwe marufuku kwa maandishi aliyoyasaini. Aliyeajiriwa shuleni aombe ruhusa kwa mwajiri wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu: pata ridhaa ya mzazi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto, jisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na usikusanye usichokihitaji. Jina, kidato na namba ya mzazi vinatosha. Kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, jina la biashara linatosha kwa majaribio, ila mkiwa wawili wenye hisa sajilini kampuni kabla hela haijaanza kuingia.

Baada ya wiki 8 angalia kitu kimoja: kati ya wazazi 20 waliolipa mwezi wa kwanza, wangapi wamelipa wa pili bila kubembelezwa? Wakiwa chini ya 10, rekebisha ufundishaji, usiandike programu. Wakifika 14 au 15, sasa andika.

Toleo la kwanza liwe la Android na lisizidi MB 20, kwa sababu simu hizi hujaa na kinachofutwa kwanza ni programu kubwa. Nunua simu iliyotumika yenye RAM ya GB 2 na ujaribie humo. Akaunti iwe ya mzazi, watoto wawe chini yake, maana namba moja huwa na watoto wawili au watatu. Google Play ni dola 25 mara moja, na akaunti mpya ya mtu binafsi inadaiwa wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kutoka hadharani. Watumie wazazi wako walewale.

Kwenye malipo ndiko mifumo mingi huvunjika. Mzazi ameingiza PIN, hela imekatwa, uthibitisho haujafika kwako, mtoto amefungiwa nje dakika mbili kabla ya kipindi. Kila malipo yawe na namba yake ya kumbukumbu na hali tatu: inasubiri, imelipwa, imeshindikana. Uthibitisho usipokuja ndani ya dakika moja, mfumo wenyewe uulize kwa mtoa huduma, kisha uulize tena baada ya dakika tano. Ukija mara mbili, uhesabu mara moja. Geuza namba zote ziwe za 255 kabla ya kuhifadhi, la sivyo 07 na 2557 zitakuwa wazazi wawili. Wakati malipo yanasubiri, mruhusu mtoto aingie. Kipindi kimoja cha bure ni nafuu kuliko mzazi aliyekasirika. Kila asubuhi linganisha rekodi zako na taarifa ya lipa namba, shilingi kwa shilingi.

Tenga milioni 1 usiiguse. Mtihani wa kidato cha pili huwa Novemba, hivyo Agosti hadi Oktoba makundi yanajaa na Desemba yanakauka. Usiajiri mtu kwa kutazama mapato ya Oktoba. Desemba watoto wa bweni wako nyumbani na simu zinapatikana mchana: waandikie wazazi wao mapema, mwishoni mwa Novemba, kwa kozi ya wiki tatu ya maandalizi ya kidato cha tatu.