Jina la pterini lilitoka wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika makala moja kuhusu wadudu nilisoma kwamba rangi ya njano ya baadhi ya vipepeo hutokana na dutu iitwayo pterini. Kamusi yangu haina neno hilo. Asili yake ni ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, jina hilo limeundwa kutokana na neno la Kigiriki pteron, lenye maana ya ubawa au unyoya, likaongezewa kiishio ambacho wanakemia hukipachika kwenye majina ya dutu nyingi. Ukimshika kipepeo, ule unga unaobaki vidoleni ni magamba madogo mno ya mbawa zake, na kwa vipepeo wa familia ya Pieridae, ambao wengi wao ni weupe au wa njano, chembechembe za pterini zimo ndani ya magamba hayo. Mwingereza Frederick Gowland Hopkins aliichunguza rangi hiyo tangu mwaka 1889, akaidhania kuwa ni ya ukoo wa asidi ya yuriki. Jina lenyewe lilikuja katika miaka ya 1920, Wajerumani Heinrich Wieland na Clemens Schöpf walipofaulu kuitenga. Ile ya njano ikaitwa zanthopterini, kutokana na xanthos, yaani njano, na ile nyeupe lukopterini, kutokana na leukos, yaani nyeupe.

Pteron hiyohiyo imo katika helikopta, ingawa masikio yetu hulikata neno hilo pasipostahili: si heli na kopta, bali heliko, yaani msokoto, na pta, yaani ubawa.

Hata hivyo, jina hili linaeleza tu mahali dutu ilipopatikana kwanza. Pterini zimo pia katika ngozi za baadhi ya samaki na vyura, na katika macho mekundu ya inzi wa matunda, ambako aina mojawapo huitwa drosopterini kwa kumfuata inzi huyo, Drosophila. Linalonivutia zaidi ni la asidi ya foliki, ile vitamini wanayopewa wajawazito. Mwaka 1941 watafiti wa Marekani waliipa jina hilo kutokana na neno la Kilatini folium, yaani jani, kwa kuwa waliipata katika majani ya spinachi. Muundo wa molekuli yake ulipofumbuliwa miaka michache baadaye, sehemu yake moja ilionekana kuwa ni pterini, ndiyo maana wanakemia huiita pia asidi ya pteroiliglutamiki.