Ukingo wa shaba kwenye kioo: tazama kazi za Fujita

Ndugu, umesema unapenda vyombo vya kioo vya Kijapani vyenye dhahabu na fedha, ila wewe kila ukibandika ukingo wa shaba kwenye kioo cha moto, kinapasuka kikipoa. Tatizo si mkono wako. Shaba inapopoa husinyaa karibu mara mbili ya kioo cha kawaida, na hata ukipoza polepole tanurini, shaba nene itakivuta kioo hadi kipasuke.

Tazama kwa makini masanduku ya kioo ya msanii Mjapani Kyohei Fujita (1921–2004), aliyesomea usanii wa metali Tokyo kabla ya kuingia kwenye kioo. Dhahabu na fedha alizotia ni zile zilizopondwa zikawa nyembamba mno, hazina nguvu ya kukivuta kioo. Zikibandikwa kikiwa moto, kisha kikapulizwa kikatanuka, zinachanika vipande vipande, na kwangu mimi huko kuchanika ndiko uzuri wote ulipo. Ukingo wa metali mdomoni mwa sanduku ni kazi ya baadaye kabisa, kioo kikiwa kimeshapoa.

Wewe nawe tenganisha kazi hizo mbili. Pima mdomo wa chombo kikiwa baridi, fua ukingo wako uwe na nafasi kidogo, uushike kwa gundi ya silikoni inayobaki laini.

Ukipata nafasi ya kusoma, omba Toyama, Japani: jiji lile lina chuo chake cha sanaa ya kioo tangu 1991, na Kanazawa, wanakoponda dhahabu hiyo, ni jirani.