Mtoto Anayelia Usiku Kucha Hajarogwa

Wiki hii dada mmoja wa Busia ameniandikia. Amebaki na kichanga cha mdogo wake, aliyekunywa waragi, pombe kali ya Uganda, mimba nzima. Mtoto akiguswa anashtuka, anatetemeka, analia kwa sauti nyembamba inayochoma masikio. Majirani wanataka apelekwe kwa mganga.

Dada yangu, mtoto wa namna hiyo nimemlea. Ni wa marehemu mdogo wangu, aliyezoea waragi wa pakiti kabla serikali ya Uganda haijaupiga marufuku mwaka 2019. Mlango ukibamizwa, mikono yote miwili inaruka juu. Ukimwimbia, ukamtikisa na kumpigapiga mgongoni kwa wakati mmoja, ndiyo unamzidishia. Mimi nilizima redio, nikashusha pazia, nikamfunga leso mikono ikiwa kifuani, kisha nikamlaza kwangu, kimya. Jambo moja kwa wakati. Akitulia, ndipo naongeza wimbo wa chinichini.

Wifi zangu walisema nimeokota laana. Kuna ambao hawakumbeba hata siku moja, na hilo halijanitoka moyoni. Leo yuko P.3, darasa la tatu la msingi, anasoma Kiswahili na Kiingereza, na ndio hao hao wanaomwita awasomee meseji za simu. Bado akikemewa mbele za watu hulipuka, na kutulia kwake huchukua muda.

Kulipuka huko si kiburi. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto ambaye ini lake halijakomaa kuiondoa, huku ubongo ndio kwanza unajengwa, pamoja na sehemu za kudhibiti hisia. Mama akitumia heroini, mtoto huzaliwa na arosto yenyewe, yaani mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, na mara nyingi dalili hujitokeza ndani ya siku 3 za mwanzo. Lakini msimhukumu mtoto. Miaka ya 1980 magazeti ya Marekani yaliwaita watoto waliozaliwa na mama wa kokeni kizazi kilichopotea. Waliofuatiliwa hadi wakubwa walionekana kuumia kidogo kuliko ilivyotangazwa, na malezi ya nyumbani yalikuwa na uzito mkubwa.

Kwa hiyo punguzeni kelele, punguzeni mwanga, punguzeni mikono ya kupokezana mtoto. Na fimbo, hata akikua, wekeni mbali! Mtoto anayeshtuka upesi ukimchapa unamfundisha kuogopa zaidi.

Akipata degedege, akigoma kunyonya au akitapika kila kitu, kimbia kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwambie muuguzi waziwazi mama alitumia nini, usione aibu. Asipojua, atatafuta ugonjwa mwingine.

Na huyo mdogo wako msimfungie chumbani ili aache pombe kwa nguvu. Mlevi wa muda mrefu akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege hata kufa. Hospitali ya Butabika, Kampala, inatibu ulevi. Mpelekeni huko.