Meli ya GT 2,800 inabebaje tani 4,000?

SWALI: Tunataka kukodi meli ya kupakia saruji ya mifuko. Cheti chake kinasema GT 2,800, dalali anasema ni meli ya tani 4,000. Nani mkweli? Na hili neno "ton" la Waingereza limetoka wapi?

JIBU: Wote wakweli. GT (gross tonnage) haipimi uzito, inapima ujazo.

Neno lilianza na pipa. Waingereza wa kale waliliita pipa kubwa "tunne", na katika Zama za Kati meli zilizofuata mvinyo Bordeaux, Ufaransa, zilipimwa kwa idadi ya mapipa zinayoweza kubeba. Pipa moja lilichukua galoni 252, karibu lita 954, na likijaa lilikaribia ratili 2,240. Basi neno likagawanyika: uzito ule ukawa tani ya Kiingereza ya kilo 1,016, nafasi ya pipa ikawa kipimo cha meli. Mwaka 1854 Uingereza ilifuata hesabu ya George Moorsom: tani moja ya meli ni futi za ujazo 100.

Mkataba wa kimataifa wa kupima meli wa 1969, ulioanza kutumika Julai 18, 1982, uliiacha tani hiyo. GT sasa ni namba tupu. Chukua ujazo wote wa ndani ya meli kwa mita za ujazo, tuseme 10,000. Logi yake (kwa msingi wa 10) ni 4. Zidisha kwa 0.02, jumlisha 0.2, unapata 0.28. Mara 10,000 ni 2,800. Namba hiyo inawahusu zaidi wakaguzi wa usalama na watoza ushuru wa bandari.

Wewe uliza DWT (deadweight), yaani uzito wote ambao meli inaweza kubeba; ndizo tani 4,000 za dalali. Huo ni uzito kwelikweli, ila ndani yake mna mafuta, maji, vyakula na mabaharia wenyewe. Vikila tani 250, saruji inabaki 3,750. Aliyeleta mzigo wa 4,000 ataacha mifuko 5,000 ya kilo 50 gatini. Gati likiwa na kina kifupi, itabaki zaidi. Kwa hiyo mkataba utaje DWCC, yaani uzito wa shehena peke yake.

Mzigo mdogo wa kuchangia meli una tani yake nyingine, ya nauli: kilo 1,000 au mita moja ya ujazo, ipi kubwa. Saruji hulipiwa kwa uzito. Magodoro ya kilo 900 yakijaza mita 8 za ujazo hulipiwa tani 8, na kubishana na wakala hakusaidii.