Jibu: Kisukari kwa watoto kinaongezeka kweli?

Dada wa Mbagala, umeuliza kama kisukari cha watoto kimeongezeka au ni maneno ya mtaani. Kwa Marekani, ambako wamehesabu miaka mingi, kimeongezeka: aina ya kwanza, chini ya miaka 20, ilitoka 1.48 kwa kila watoto 1,000 mwaka 2001 hadi 2.15 mwaka 2017. Aina ya pili kwa vijana ilikaribia maradufu.

Tafadhali usijilaumu kwa soda na maandazi. Aina ya kwanza hutokana na kinga ya mwili kushambulia kongosho, kiungo kinachotoa homoni ya kudhibiti sukari. Kinachonitia hofu hapa Dar ni mtoto anayetapika na kuhema haraka kudhaniwa ana malaria tu, kumbe ni kisukari. Mtoto akinywa maji kupita kiasi, akakonda, akaanza tena kukojoa kitandani, apimwe sukari siku hiyohiyo. Ni tone la damu ya kidoleni.